Mstari Mweupe wa Mwambani

Ukisimama pwani ya Jambiani maji yakiwa nusu, unaona bahari mbili. Moja iko miguuni pako, imetulia, kijani cha kupauka, na chini yake unaweza kuhesabu vigingi vya mwani. Nyengine iko mbali, buluu iliyokoza, ndiyo wavuvi wanayoiita bahari kuu. Baina yao umelala mstari mweupe, kilomita moja hivi kutoka mchangani na pengine zaidi, ukifuata pwani kwenda Paje na Bwejuu hadi macho yachoke. Hapo ni mwambani. Ukiutazama kwa muda utaona kuwa mstari ule hautulii: unainuka, unaanguka, unamwagika, unaanza upya.

Waliolelewa kwenye fukwe za wazi hushangaa wanapofika mashariki ya Unguja. Kwao wimbi huja likavunjika karibu na mchanga na kumlowesha anayetembea. Kwetu mawimbi yanavunjikia mbali, na huku ndani watoto wanajifunza kuogelea katika maji ya kiunoni. Watoto wenyewe hawashangai, wamezaliwa wakayakuta. Wao wana maswali yao. Mmoja wa kwetu, siku ya kwanza alipochukuliwa na baba yake kwenye ngalawa, alirudi akaniuliza: "Ami, mbona baba akifika mlangoni mwa mwamba hunyamaza?"

Nilimjibu kwa kifupi, na kila nikikumbuka naona sikumtendea haki. Swali lake linafungua habari nzima ya pale mawimbi yanapovunjika, na habari hiyo sisi tunaelezwa vipande vipande. Leo tunasikia juu ya matumbawe, kesho juu ya mwani, keshokutwa juu ya mtu aliyechukuliwa na mkondo, kisha juu ya ufuo unaoliwa. Yote hayo yanategemea kitu kimoja ambacho unaweza kukipima kwa pondo, ule mti wa kusukumia chombo: kina cha maji juu ya mwamba.

Wimbi hupita, maji hubaki

Tuanze nje, kwenye bahari kuu. Wimbi huzaliwa na upepo. Kusi ikivuma siku nyingi mfululizo juu ya bahari pana, inakwaruza uso wa maji, mikunjo midogo inakua, na iliyokua inashika upepo zaidi. Kusi hutawala kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, kaskazi kuanzia Disemba hadi Machi, na pwani yetu ya mashariki inazipokea zote mbili. Mawimbi makubwa yatokayo kusini kabisa mwa dunia, sehemu yake huzuiliwa na kisiwa cha Madagaska. Kwa hiyo mengi tunayoyaona mwambani ni ya pepo zetu hizi.

Jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka waoneshwe ni kwamba wimbi linaposafiri, maji hayasafiri nalo. Chukua kamba ya mwani iliyofungwa upande mmoja, ishike ncha ya pili, uitikise. Utaona nundu linakimbia kutoka mkononi mwako hadi kwenye kigingi, na kamba yenyewe haikuenda popote. Hata bahari ni hivyo. Nazi inayoelea nje ya mwamba hupanda, husogea mbele kidogo, hushuka, hurudi nyuma karibu pale ilipokuwa. Inazunguka duara. Maji yaliyo chini yake nayo yanazunguka, duara dogo zaidi, na chini zaidi dogo zaidi, hadi kufikia kina cha nusu ya urefu wa wimbi, yaani nusu ya umbali wa mgongo mmoja hadi mgongo unaofuata. Hapo maji yametulia kama vile juu hakuna kitu. Wimbi linalopita kila baada ya sekunde 8 lina urefu wa kama mita 100, basi mwendo wake unakwisha kwenye kina cha mita 50.

Nje ya mwamba wa mashariki bahari huzama haraka. Wimbi linafika likiwa na nguvu zake karibu zote, halijapata cha kulipunguza. Ghafla chini kunapanda, na yale maduara hayana tena nafasi. Hapo wimbi linaanza kuigusa ardhi.

Wimbi lililogusa chini hupunguza mwendo, kwa sababu kwenye maji madogo kasi yake hufuata kina. Penye mita 10 haliwezi kuzidi kasi ya mita 10 hivi kwa sekunde, penye mita 1 halizidi mita 3. Yanayofuata nyuma bado yana kasi yao. Umeziona daladala zinapofika kwenye tuta la barabarani: ya mbele inapunguza, za nyuma zinaijia, na magari yaliyokuwa yameachana yanabanana. Mawimbi nayo hubanana. Nguvu ile iliyokuwa imetandazwa kwa mita 100 sasa imebanwa katika umbali mfupi zaidi, na haina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana wimbi ambalo nje lilikuwa nundu tu lisiloshtua mtu, likikaribia mwamba husimama kama ukuta.

Kisha linavunjika. Mgongo wa wimbi uko kwenye maji mengi kidogo kuliko miguu yake, basi unakwenda kasi kuliko miguu, unaitangulia, unaanguka. Kipimo chake kinajulikana tangu karne ya 19: wimbi huvunjika urefu wake wa kusimama unapofika karibu robo tatu ya kina cha maji, au 0.78 kwa hesabu ya vitabuni. Wimbi la mita moja na nusu litavunjika penye kina cha mita 2 hivi. Wimbi la nusu mita litaendelea hadi penye maji ya magotini. Ardhi ikipanda polepole, povu humwagika kutoka mgongoni kidogo kidogo kama maziwa yanayofurika sufuriani. Ikipanda kwa mkato, kama ilivyo ukingo wa nje wa mwamba, wimbi hujikunja lote na kujibwaga.

Si jambo dogo, kujibwaga huko. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa tani moja na ziada. Na nguvu ya wimbi haiongezeki sawa na urefu wake wa kusimama: la mita 2 lina nguvu mara nne ya la mita 1, na la mita 3 mara tisa. Anayesema "leo yameongezeka kidogo tu" aifanye hesabu hiyo kwanza.

Bamvua na maji mafu

Kama kina ndicho kinachoamua, basi kwetu anayeamua kwa kweli ni mwezi, kwa sababu kina juu ya mwamba hakikai saa moja bila kubadilika.

Kila siku maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu na siku moja mbili baadaye, tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na bamvua kubwa, kama yale ya Machi na Septemba, hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka hadi kama mita 1. Mahali pengi duniani watu hawaioni hata nusu ya tofauti hii. Sisi tumejengea maisha juu yake.

Sasa weka kipimo cha robo tatu juu ya mwendo huu wa maji. Bamvua limekauka: mgongo wa mwamba umetoka nje, unaweza kuutembelea kwa makubadhi. Wimbi linavunjikia ukingoni kabisa, linagonga, linaishia pale. Ndani hakuna kitu, maji yamebaki kwenye madimbwi na mifereji. Saa sita baadaye juu ya mwamba uleule pana maji ya mita 3. Wimbi la mita moja na nusu lililokuwa likipasuliwa asubuhi, jioni linapita juu yake bila kuvunjika, linaikata bahari ya ndani, na kuja kuvunjika mlangoni mwa nyumba ya mtu. Upepo haukubadilika. Utasikia watu wakisema "leo bahari imechafuka," na mara nyingi ilichafuka tangu asubuhi, ila mlango ulikuwa umefungwa.

Kwa hiyo saa za hatari za ufuo na saa za hatari za mwamba hazifanani. Ukuta wa bustani hubomolewa maji yakijaa. Mtu hupotea mwambani maji yakiwa yanakwenda au yanarudi.

Na hapa wameingia akina mama wa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na hapakuchaguliwa hivi hivi. Mmea ule hufungwa kwa taitai, vile vikamba vyembamba, kwenye kamba iliyovutwa baina ya vigingi viwili, na unataka maji yanayotembea ili upate chakula, lakini yasiyopiga, kwa kuwa tawi lake hukatika kwa urahisi. Nyuma ya mwamba pana hayo mawili: mwendo upo, kishindo hakuna. Bamvua likikauka, mnamo saa nne au saa tano ya asubuhi, shamba linakuwa wazi, na kijiji kizima cha wanawake kinaingia baharini. Kesho yake watakwenda kama dakika 50 baadaye, kesho kutwa vivyo hivyo, hadi maji mafu yafike na shamba libaki chini ya maji wiki nzima. Wanaocheza na ubao na tiara pale Paje wamefuata jambo lilelile, ingawa wao wanataka maji yajae: upepo wa bahari kuu juu ya maji ambayo mwamba umeyalaza.

Kilichoingia lazima kitoke

Hii ndiyo sehemu ninayotaka msomaji aisome taratibu.

Nilisema wimbi husafiri na maji hubaki. Hiyo ni kweli hadi linapovunjika. Likishavunjika, maji yenyewe yanarushwa mbele, kwa tani na tani, kuvuka mwamba na kuingia ndani. Wimbi la pili linaongeza, la tatu linaongeza. Yale yaliyoingia hayawezi kurudi njia ileile kwa sababu mengine yanakuja juu yake. Basi usawa wa bahari ya ndani unapanda kidogo kuliko usawa wa nje. Tofauti hiyo ya usawa ni ndogo, jicho halioni, lakini maji yanaiona. Yanaanza kutafuta pa kutokea.

Mwamba una milango. Ni mianya ambayo ukingo umekatika, mengine mipana ya kupita vyombo viwili sambamba, mengine ya ngalawa moja tu. Maji yote yaliyoingia kwa kurushwa juu ya mamia ya mita za mwamba yanakusanyika, yanatembea sambamba na pwani, na kutoka kwa mwanya mmoja. Ndiyo maana pale yanakimbia.

Na mlango una kina kikubwa kuliko mwamba ulio pembeni yake. Rudi kwenye kipimo: penye kina kikubwa wimbi halivunjiki. Kwa hiyo ukitazama kutoka mbali, kushoto povu, kulia povu, katikati maji meusi yaliyotulia. Asiyejua huona pale ndipo penye salama. Mvuvi naye hupita papo hapo, basi mgeni anazidi kuamini. Lakini mvuvi ana chombo, ana tanga, na anajua saa.

Saa ni jambo kubwa. Wanamaji wana hesabu yao ya kugawa kupwa kwa sehemu 12. Saa ya kwanza maji hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la mita 4, katika saa ya tatu peke yake, hushusha mita nzima ya maji kutoka bahari yote ya ndani. Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo hesabu ile haisemi. Maji yakiwa bado juu ya mwamba yanaweza kutoka popote. Yakishuka chini ya mgongo wa mwamba, milango ndiyo njia pekee iliyobaki. Na siku ya mawimbi makubwa mlango unaweza kutoa maji hata bahari ikiwa inajaa, kwa sababu yanayomwagwa juu ya mwamba ni mengi.

Mikondo ya aina hii ikipamba moto hufika mita 2 kwa sekunde. Muogeleaji bingwa wa dunia huishika kasi hiyo kwa mita mia moja au mia mbili, kisha amekwisha. Sisi wengine hatuifikii hata mara moja. Anayezama mlangoni mara nyingi hakuzamishwa na mkondo. Amezamishwa na uchovu wa kushindana nao.

Wapo wanaoamini kuwa mkondo humvuta mtu chini. Haumvuti chini, unampeleka nje. Ukipita mlango unatanuka na kupoteza nguvu. Kwa hiyo aliyechukuliwa ajilaze chali, apumue, ainue mkono, apige kelele. Aache kuogelea kuelekea alikotoka. Akiona mkondo umelegea aogelee pembeni, sambamba na mwamba, atoke kwenye njia yake, na asubiri chombo. Asijaribu kurudi kwa kuvuka penye povu, kwani wimbi litambwaga juu ya matumbawe na matumbawe yanakata kama kisu. Kwenye ufuo wa mchanga usio na mwamba mbele yake mambo ni mepesi kidogo: ukitoka kwenye mkondo kwa ubavu, fuata povu, litakurudisha mchangani.

Wazee wanasema bahari ina wenyewe, na kila kijiji kina mahali ambapo mtoto hukatazwa kuoga kwa sababu hiyo. Sina la kubishana nao. Ninachojua ni kwamba pale nilipokatazwa mimi nilipokuwa mdogo, nilipokuja kupatazama nikiwa na akili ya kupatazama, palikuwa na mfereji unaoelekea mlangoni moja kwa moja.

Kuna hatari nyengine ya kimya zaidi, na hiyo niliionja. Nilikuwa bado skuli ya msingi, nimefuatana na shangazi kuchokoa pweza mwambani siku ya bamvua. Kabla hajaanza kazi alichagua jiwe moja kando ya dimbwi, akalipiga kwa mchokoo wake, akaniambia: "Hili likilowa, twende. Usiniulize tena." Jiwe likalowa, akaniita. Mimi nilikuwa nimeona mkia wa samaki taa chini ya mwamba, nikajifanya sikusikia. Nilipogeuka kumfuata niliona bado tumesimama pakavu na pwani iko palepale, nikashangaa kwa nini anakimbia. Tulipofika katikati maji yalinifika kidevuni. Mgongo wa mwamba uko juu kuliko sakafu ya bahari ya ndani, na mlango uko chini kuliko vyote. Maji yanaporudi huingia kwanza mlangoni, yanajaza mifereji iliyo baina yako na nyumbani, na mahali uliposimama wewe panakuwa pa mwisho kulowa. Shangazi alinishika ukosi akanivusha kwa kuniburura. Hakunipiga. Alisema tu, "Umeliona jiwe langu?"

Mwamba unaovuma

Usiku wa kusi, Jambiani yote husikia mwamba ukivuma. Bibi yangu alikuwa akilala anajua kama kesho kuna kwenda baharini au hakuna, na hakuwa akitazama nje.

Sauti ile hutoka kwenye mapovu zaidi kuliko kwenye mpigo wa maji juu ya jiwe. Wimbi linapojikunja hukamata hewa na kuizamisha, hewa inavunjika kuwa mapovu, na kila povu linapozaliwa hutetemeka na kulia, dogo kwa sauti nyembamba, kubwa kwa sauti nene. Mamilioni yakilia pamoja ndiyo ngurumo. Wimbi kubwa huzamisha hewa nyingi na kutengeneza mapovu makubwa, basi ngurumo inakuwa nene. Masikio ya bibi yalikuwa yanapima urefu wa wimbi wa kusimama. Mapovu hayo hayo ndiyo weupe wa mstari: mwanga ukiingia kati yake hutawanywa kila upande, na chumvi huyazuia yasiungane haraka, kwa hiyo povu la bahari hudumu kuliko la mtoni. Yakipasuka hurusha chembe za maji ya chumvi hewani, upepo unazileta kijijini, na bati la nyumba ya pwani linaota kutu mapema kuliko la nyumba ya mjini.

Ukuta ulio hai

Mpaka hapa nimeuzungumza mwamba kama vile ni jiwe. Sehemu yake ni jiwe kweli. Lakini ukingo wa nje, ule unaopokea wimbi, ni kazi ya viumbe wadogo wanaojenga chokaa juu ya chokaa ya waliotangulia, na mwani mgumu unaoziba nyufa kama saruji. Wimbi linavunja kila siku, wao wanajenga kila siku. Kukaa kwa ukingo katika kina kilekile ni matokeo ya mashindano hayo.

Mwaka 2014 watafiti walikusanya vipimo kutoka miamba ya bahari mbalimbali duniani, wakakuta kwamba kwa wastani miamba ya matumbawe huondoa asilimia 97 ya nguvu ya wimbi, na ukingo peke yake huondoa asilimia 86. Hebu ikae akilini: katika sehemu mia za nguvu zilizoondoka bahari kuu, tatu tu ndizo zinazofika. Hakuna ukuta wa saruji Unguja unaofanya hivyo, na huu hakuna aliyeulipia.

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakageuka meupe na kufa, na mwaka 2016 joto likarudi. Tumbawe likifa, mwamba hauanguki siku ile. Unabaki umesimama, lakini wajenzi hawapo tena, na wimbi halipumziki. Ukingo unaliwa kidogo kidogo, kina juu yake kinaongezeka. Bahari yenyewe nayo inapanda duniani kote. Ongeza nusu mita ya kina juu ya mwamba, kisha rudi kwenye robo tatu: umeruhusu mawimbi marefu zaidi kwa kama sentimita 40 yapite bila kuvunjika, kila bamvua, miaka yote. Ndiyo maana mimi habari ya tumbawe kufa siisomi kama habari ya watalii wanaopiga mbizi. Ni habari ya mnazi wa mbele wa nyumba ya shangazi.

Mchanga wenyewe unatoka huko huko. Weupe wa mchanga wa Paje si wa mto wala wa jabali: ni matumbawe, makombe na mwani wa chokaa uliosagwa. Pono wanashiriki usagaji huo, wakikwangua mwamba kwa midomo yao migumu na kutoa unga nyuma. Kwa kukwangua kwao wanaondoa majani yanayoweza kuyafunika matumbawe machanga. Wavue pono wote kwa nyavu za kukokota na umepoteza msagaji na mfagiaji kwa pamoja.

Mchanga huo nao hautulii. Mawimbi hayaji sawasawa na pwani, huja kwa mshazari. Kusi huusukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi huurudisha. Ufuo unaokonda Julai unaweza kunenepa Februari, na hiyo ni pumzi yake ya kawaida. Tatizo huanza mtu anapojenga ukuta wa wima katikati ya pumzi hiyo. Wimbi likigonga ukuta halifi, linarudi na nguvu zake, na linaporudi linachimba mchanga ulio mbele ya ukuta na kuunyima jirani sehemu yake. Jirani naye anajenga wake. Nimeona hili kwenye zaidi ya ufuo mmoja, na linaniuma.

Pemba hadithi inabadilika. Bahari inayokitenga kisiwa hicho na bara ina kina cha mamia ya mita, wakati Unguja na bara zimetenganishwa na maji madogo tu. Magharibi ya Pemba kuna ghuba na mikoko, mawimbi ya mashariki hayafiki. Mashariki, upande wa Kojani, mwamba unapigwa kama wetu, na si ajabu Wakojani wamekuwa mabingwa wa kusoma maji pwani nzima ya Waswahili. Kusini ya kisiwa, Kisiwa Panza, wanakijiji wamewahi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue. Faida ya pweza inajulikana. Mimi naongeza kwamba katika miezi hiyo miguu na michokoo haikuwa juu ya matumbawe.

Mlangoni

Narudi kwa mtoto na swali lake.

Mawimbi hayaji kwa ukubwa mmoja. Nje huko yamechanganyika mafungu mawili matatu, kila moja na urefu wake. Migongo ya fungu moja ikikutana na migongo ya jengine, wimbi linakuwa kubwa. Mgongo ukikutana na bonde, vinafutana. Kwa hiyo huja makubwa kadhaa kwa kufuatana, kisha bahari inalala kidogo, kisha makubwa tena. Yale madogo hupita mlangoni bila kuvunjika. Makubwa, siku ambayo maji ni haba, yanaweza kuvunjika hata humo, na ngalawa iliyo njiani hupinduka matengo yake, zile mbao za pembeni, yakiwa juu.

Nahodha anayerudi na samaki hukaa nje ya mlango, tanga amelilegeza, na kuutazama mwamba ulio pembeni. Anaangalia jiwe gani limefunikwa, ajue kina. Anahesabu mawimbi makubwa yanayopita chini yake, ajue mafungu yanakwenda vipi. Mtu akimsemesha anapoteza hesabu.

Kisha la mwisho linapita, anavuta demani, kamba ya tanga, na ngalawa inaingia.